Umetoka Kisii ama Nyamira na Unataka Kusomea Historia ya Sanaa ya Ulaya? Soma Hii Kwanza

Umemaliza Fomu Foo, gredi imekubali, na mabeshte wote wanajaza uuguzi, ualimu na uhandisi kwa tovuti ya KUCCPS. Lakini wewe kuna kitu inakukuna. Unapenda picha za kitambo, makanisa ya huko majuu yenye dari imejaa malaika, sanamu za mawe ambazo ukiziangalia unaweza apa zinapumua. Siku moja unajikaza na kumwambia mathee (yule kwa Ekegusii tunamwita "baba", na watu wa nje wanabaki wamechanganyikiwa) ati unataka kusomea historia ya sanaa na utamaduni wa Ulaya. Anakuangalia. Anauliza swali moja tu: "Sasa utakula picha?"

Swali ni halali kabisa. Bonasi ya majani chai inaingia mara moja kwa mwaka, na kabla ifike ishagawanywa: karo, mabati, deni la duka. Mzazi hataki kuona hiyo doo ikienda kwa kitu haelewi. Kwa hivyo leo tunakupea rada: hii kosi inafunza nini, inasomewa wapi, kazi iko ama haiko, na kwa nini msee mwenye ametoka karibu na Tabaka ana sababu ya kuisoma kuliko hata msee wa Nairobi.

Hii kosi ni ya nini hasa?

Wengi wanadhani ni kukaa darasani ukiangalia picha na kusema "waa, hii ni smati". Zii. Historia ya sanaa ni kazi ya upelelezi. Unaletewa kitu, sema sanamu, kanisa, picha ya mafuta ama kikombe, halafu unauliza: Nani alikitengeneza? Nani alilipa? Alilipa ngapi, na mkataba ulisema nini? Kilikuwa cha kazi gani? Kimepitia mikono ya nani mpaka kikafika mahali kiko leo?

Safari ya darasani kawaida inaanza Ugiriki na Roma ya kale, inapita makanisa ya Enzi za Kati, inaingia Renesansi ya Italia, yaani ule mwamko wa sanaa na elimu wa miaka ya 1400 na 1500, kisha inashuka pole pole mpaka kwa kina Picasso na sanaa ya leo. Njiani unakutana na dini, siasa, biashara, benki na ukoloni. Familia ya Medici ya Florence, kwa mfano, ilikuwa na benki. Walitumia pesa zao kulipa wachoraji na wachongaji, na mpaka leo jina lao halijafutika. Hiyo si mambo ya urembo tu, hiyo ni hesabu ya watu wenye nguvu.

Carrara ni Tabaka yao

Hapa ndipo mambo inakuwa tamu. Kuna mji Italia unaitwa Carrara. Umekaa chini ya milima ya marumaru, jiwe jeupe ambalo limechimbwa tangu enzi za Waroma. Wanaume wanachimba, wanakata, wanashukisha mawe makubwa kwa shida. Mji mzima unakula kwa jiwe.

Sasa fikiria Tabaka, kule South Mugirango. Ukishuka tu unakutana na vumbi jeupe kwa barabara, kwa majani ya migomba, kwa nywele za watu. Wanaume wanachimba jiwe kwa machimbo, wanalichonga kwa panga, shoka na kisu. Wamama wanalisugua na msasa na maji mpaka liwe laini kama shavu la mtoto, kisha linapigwa rangi ama nta. Jiwe linatoka jeupe, la krimu, la waridi, la kijivu. Kabla watalii wajue njia, wazee walikuwa washalitumia kuchonga bakuli na viko vya kuvuta tumbaku.

Tofauti ya kisayansi ni hii: jiwe letu limejaa talki, ambayo kwa kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini iko namba 1, ya chini kabisa. Marumaru iko karibu namba 3. Ndio maana jiwe la Kisii linakatika kwa kisu na watu huliita jiwe la sabuni, na ndio maana pia linakwaruzika haraka.

Lakini tofauti kubwa si ugumu wa jiwe. Tofauti kubwa ni makaratasi.

Mwaka wa 1501, watu wa kanisa kuu la Florence walikuwa na jiwe refu la Carrara lenye lilikuwa limekaa tu karibu miaka 40. Wachongaji wengine walilijaribu wakaliacha. Wakamwita kijana wa miaka 26, Michelangelo. Tunajua walimlipa florini 6 kwa mwezi. Tunajua alimaliza mwaka wa 1504. Tunajua hata kuliitwa kamati ya kuamua sanamu iwekwe wapi, na kwa hiyo kamati kulikuwa na Leonardo da Vinci na Botticelli. Sanamu yenyewe ni Daudi, yule wa Goliathi, na ina urefu wa zaidi ya mita 5. Tunajua haya yote kwa sababu mtu aliandika, na mwingine akaweka hayo maandishi vizuri kwa zaidi ya miaka 500.

Sasa jiulize: ile sanamu ya familia imekumbatiana, yenye imechongwa Tabaka, ikapita kwa broka, ikaenda Nairobi, ikapanda meli ikauzwa Ulaya, nani alichonga? Kwa duka huko mbele itaandikwa "Kisii, Kenya". Jina la mzee mwenye alikaa chini ya mti siku tatu akiichonga halipo. Jina la mama mwenye alisugua mpaka vidole vikachubuka, ndio kabisa.

Jina kwa jiwe

Kuna stori moja lazima uijue. Mwaka wa 1498, kadinali mmoja Mfaransa huko Roma aliagiza sanamu ya Bikira Maria amempakata Yesu aliyekufa. Mkataba uliandikwa: dukati 450 za dhahabu, kazi iishe kwa mwaka mmoja, na rafiki ya mchongaji mwenye alikuwa wa mambo ya benki akaweka dhamana kwamba itakuwa kazi nzuri zaidi ya marumaru ndani ya Roma. Mchongaji alikuwa huyo huyo Michelangelo.

Giorgio Vasari, mchoraji aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia, anasimulia kwamba baada ya sanamu kuwekwa, Michelangelo alisikia wageni wakisema imechongwa na msee mwingine. Hakujibu. Usiku akarudi na taa na patasi, akachonga jina lake kwa ule mkanda unaopita kifuani mwa Maria. Ndiyo kazi yake pekee inayojulikana aliyoitia sahihi. Ukienda Vatikani leo, jina bado liko.

Na huyo Vasari mwenyewe alikuwa nani? Si mfalme, si papa. Alikuwa msanii mwenye alizunguka, akauliza maswali, akasikiliza stori za wazee, akaandika kitabu kikatoka mwaka wa 1550. Wasomi wengi wanahesabu hapo ndipo historia ya sanaa ya Ulaya ilianza kama somo. Stori zingine alitia chumvi, na wasomi wamekuja kumsahihisha, lakini bila yeye majina mengi yangepotea.

Ukielewa hii umeelewa kosi nzima. Ulaya haikuwa na mikono mizuri kuliko yetu. Ilikuwa na mtu wa kuandika, mahali pa kuweka hayo maandishi, na watu wa kuyasoma tena na tena. Bei inafuata jina, na jina linafuata maandishi.

Wenye wametangulia

Usidhani utakuwa wa kwanza kutoka pande hizi. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, alisomea sanaa Makerere, Uganda. Sanamu yake ya ndege wa amani iko kwa makao makuu ya UNESCO, Paris. Mwaka wa 2014, Kenya ilipoalikwa kwa tamasha la Smithsonian huko Washington, alikuwa miongoni mwa wasanii walioenda. Jiwe ni lile lile la nyumbani. Kilichobadilika ni kwamba jina lake linatembea na kazi yake.

Makerere nayo ina stori. Mwanamke Mwingereza anaitwa Margaret Trowell alianza kufunza sanaa huko mwaka wa 1937. Yeye aliamini wanafunzi wachore maisha yao wenyewe badala ya kuiga Wazungu. Alipoondoka, Cecil Todd akaingia mwaka wa 1958 na kuleta historia ya sanaa ya Ulaya darasani. Ubishi ukaanza: Mwafrika akisoma Michelangelo anapotea ama anapata silaha? Huo ubishi haujaisha, na wewe ukiingia hii kosi utaulizwa.

Angalia wenye wamejibu kwa kazi. Gregory Maloba, Mkenya mwenye alisomea na akafunza Makerere, ndiye alitengeneza mnara wa uhuru wa Uganda wenye uko Kampala, 1962. Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi akasomea Marekani. Mwaka wa 2019 aliweka wanawake wanne wa shaba mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kwa vishubaka ambavyo vilikuwa vimekaa bila sanamu tangu jengo lifunguliwe mwaka wa 1902. Alichukua wazo la nguzo zenye umbo la mwanamke, kitu kiko Ugiriki ya kale na pia kwa viti vya machifu wa Afrika, lakini wanawake wake hawabebi paa la mtu. Wamekaa, wametulia.

Halafu kuna Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, 1984, aliyesomea London. Anachora juu ya lubugo, lile gome la mti la Waganda, akiwa amesoma Goya, Titian na Manet mpaka akawajua nje ndani. Mwaka wa 2019 picha yake moja iliuzwa kwa mnada New York kwa karibu dola milioni 1.5. Hao wote wanajua Ulaya na hawajasahau kwao. Hiyo ndiyo mbinu.

Nani alichukua nini?

Sehemu nyingine ya hii kosi ni kufuata vitu vimepita wapi. Kwa mfano, kati ya 1801 na 1812 watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza, walitoa sanamu nyingi kwa hekalu la Parthenon, Athens. Mwaka wa 1816 serikali ya Uingereza ikazinunua kwa pauni 35,000, na mpaka leo ziko London huku Ugiriki ikidai zirudishwe.

Sasa rudi home. Vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za kukumbuka wazee waliokufa, viliibiwa na kuuzwa Marekani kama mapambo ya nyumba. Mtafiti mmoja alikuwa amempiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango vya ndugu zake mwaka wa 1985, muda mfupi kabla viibiwe. Hiyo picha ikasaidia kuvitambua, na mwaka wa 2007 vikarudi Kenya. Picha moja tu, yenye jina na tarehe.

Na kwetu kuna jeraha kubwa zaidi. Mwaka wa 1908, Otenyo Nyamaterere, akichochewa na nabii Moraa Ng'iti, alimchoma mkuki afisa wa Mwingereza, Northcote. Otenyo aliuawa. Wazee wa Gusii wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na jamii imekuwa ikidai kirudishwe. Stori kama hii haiamuliwi kwa kelele za mtandaoni. Inataka mtu wa kuingia makumbusho ya Uingereza, kusoma madaftari ya wakati huo, kujua kitu kiliingia tarehe gani, kimeletwa na nani, kimeandikwa kwa jina gani. Mwaka wa 2021 kulikuwa na maonyesho Nairobi yenye yalitokana na utafiti uliohesabu zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo kwa makumbusho ya ng'ambo. Kila kimoja kinangoja mtu wa kuuliza maswali. Mbona asiwe wewe?

Unasomea wapi?

Kwa orodha ya KUCCPS, usitafute digrii yenye jina refu la "historia ya sanaa ya Ulaya" ukikosa ukasirike. Hapa kwetu kawaida inakuja ikiwa ndani ya digrii ya sanaa. Kenyatta University iko na digrii ya sanaa za uchoraji na uchongaji. University of Nairobi iko na ya usanifu wa michoro. Makerere bado iko na shule yenye jina la Margaret Trowell. Kuingia digrii Kenya unahitaji C+ kwenda juu, na usome vizuri masomo ambayo kosi inaangalia. Pia kuna njia ya pembeni: soma historia ama fasihi kwa digrii ya kwanza, kisha ingia historia ya sanaa kwa ile ya uzamili.

Ukiwa na mdogo wako senior school, mwambie mfumo mpya una njia tatu, na moja ni ya sanaa na michezo. Asidanganywe ni ya wenye wamefeli.

Kwenda nje? London kuna Courtauld, chuo cha historia ya sanaa tangu 1932, na SOAS yenye inafunza sanaa ya Afrika na Asia. Ufadhili wa Chevening unalipia mwaka mmoja wa uzamili Uingereza, lakini lazima uwe umefanya kazi angalau miaka miwili. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi karo, ila usiruke juu bado: lazima uonyeshe uko na pesa za kuishi, zaidi ya yuro 11,000 kwa mwaka, zikiwa zimefungwa kwa akaunti maalum. Ndio watu wanaomba DAAD.

Na lugha. Hii kosi inataka lugha kama gari inavyotaka mafuta. Kifaransa, Kijerumani ama Kiitaliano, chagua moja uanze mapema. Ukiwa umekua na Ekegusii, Kiswahili, Kingereza na Sheng, ubongo wako ushazoea kubadilisha gia.

Kazi iko?

Tuongee ukweli. Hautatoka kampo ukipata barua ya ajira ikikungoja kwa mlango kama daktari wa zamani. Hata hao madaktari siku hizi unawaona kwa barabara na mabango. Kazi ya kuandikwa moja kwa moja ni chache: makumbusho, majumba ya maonyesho, vyuo, nyumba za minada. Nairobi kuna Circle Art, wameuza sanaa ya Afrika Mashariki kwa mnada tangu 2013. Kuna taasisi ya NCAI, yenye Armitage alianzisha. Kuna National Museums of Kenya. Nafasi ziko, lakini si kama mahindi ya kuchoma, ati kila kona unapata.

Kwa hivyo usiingie na ujuzi mmoja. Changanya na uandishi, upigaji picha, filamu, biashara ya mtandaoni, sheria ya hakimiliki ama ualimu. Msee mwenye anajua kuandika stori ya kitu, kukipiga picha fiti, na kuandika mkataba wenye unamlinda mchongaji, hatalala njaa Gusii. Kama karo ya home inategemea wewe peke yako na hakuna mkopo wa HELB wala mfadhili, ni sawa pia kuanza na kosi ya kukupea mshahara haraka, hii ukaifuata baadaye. Picha zimengoja miaka 500, hazitakimbia.

Anza leo na simu yako

Hauhitaji kungoja barua ya chuo ndio uanze. Panda matatu, shuka Tabaka. Salimia watu vizuri, nunua kitu kidogo, usikuje na mikono mitupu na maswali mengi. Omba ruhusa kwanza. Kisha andika: jina la mchongaji, ameanza lini, nani alimfunza, jiwe limetoka machimbo gani, kazi imemchukua siku ngapi, ameuzia nani. Andika na jina la mama mwenye amesugua. Piga picha kazi kutoka mbele, nyuma na chini. Weka tarehe.

Ukiwa pande za Nyamira, kazi ni hiyo hiyo kwa vitu vingine. Tafuta mzee mwenye bado anatengeneza obokano, ule mtambo wa nyuzi nane wenye sauti nzito ya kukutingisha kifua. Wagiriki walichora vyombo vya ukoo huo huo kwa vyungu vyao, na wasomi wameviandikia vitabu. Wetu wanazeeka na ufundi kwa vidole, na hakuna mtu amewauliza hata kuni za kuitengeneza wanatoa wapi.

Fanya hivyo kwa watu kumi, uweke kwa daftari moja safi na nakala kwa simu. Hapo utakuwa na kitu cha kuonyesha mwalimu wa chuo, mfadhili, na hata mathee. Akiuliza tena kama utakula picha, mfungulie ukurasa wa kwanza umuonyeshe jina la mtu anamjua, limeandikwa vizuri, chini ya kazi ya mikono yake. Halafu ngoja uone kama hataanza kukuambia majina mengine.